Meno ya Kwenda Ukweni

Filister alikuwa na mimba ya miezi sita, na baba yake, Mzee Lazarus wa Kawangware, alikuwa ameshachoka kuambiwa "tutakuja, mzee, tutakuja." Jumapili moja baada ya kanisa alifunga safari mwenyewe mpaka Kianda, Kibera, akamkuta binti yake anaanika nguo, akamwambia avae viatu. Majirani walitoka milangoni kana kwamba wameitwa. Nani atakosa sinema ya bure?

"Wesonga," mzee alimwambia kijana aliyekuwa akiishi na binti yake, "mtoto huyu hazaliwi kwa mtu nisiyemjua. Jumamosi uje kwangu na watu wako. Mama yako awepo. Na ninasema mama aliyekuzaa, si mwingine. Usipokuja, usijisumbue tena. Filister atajifungulia kwetu Alego na mtoto atakuwa wangu."

Wesonga alikuwa fundi wa makochi, mwenye mikono ya kuvunja mbao kavu, lakini siku hiyo sauti ilimtoka nyembamba. "Nitakuja, baba." Filister alipopita karibu naye na kabegi kake, macho mekundu, alimnong'oneza: "Mlete Mama. Usituletee vituko vyako." Alimjua mtu wake huyo.

Mkazo wa "mama aliyekuzaa" ulikuwa na chanzo. Mwaka huo huo, maziwa ya bure yalipoanza kugawiwa shuleni, msichana mmoja wa jirani yao Kawangware aliposwa na kijana aliyekuja na baba mwenye koti, fimbo na maneno mazito. Watu wakala, wakacheka, wakashikana mikono. Wiki iliyofuata yule baba akaonekana Dagoretti Corner akiuza njugu karanga. Alipoulizwa habari za mwanawe akasema hana mwana, yeye alikodiwa kwa siku moja tu na hata koti hakuachiwa. Kuanzia hapo Mzee Lazarus aliapa kwamba yeye hatachezewa.

Sasa, Wesonga mama alikuwa naye, tena humo humo chumbani mwake, ila mzee alipokuja alikuwa ametoka. Taabu haikuwa mama. Taabu ilikuwa kinywa cha mama.

Chemtai, maana hilo ndilo jina lake, alikuwa Mwogiek wa Mlima Elgon, wale ambao majirani huwaita Wandorobo. Marehemu baba yake Wesonga, Mbukusu mfanyabiashara, alipanda mlima kununua asali akabaki huko miaka mitatu, akarudi na asali, mke na mtoto. Kwao Chemtai watu walihama kufuata maua, kwa sababu maua yanapochanua ndiko nyuki wanakokwenda. Mtu wa kuhamahama habebi sanduku la vyombo. Kinywa chake ndicho sanduku. Kwa meno yake Chemtai alilainisha ngozi, alichuna magome ya mti ya kufungia mizinga, alitafuna mizizi yenye mchanga na nyama iliyokauka juu ya moshi. Halikuoza hata moja, halikung'oka hata moja. Yalifanya kazi mpaka yakaisha, yakabaki visiki vilivyolingana na ufizi.

Na hata Kibera hakuyapumzisha. Wesonga akiwa anakaza mkanda wa kochi pale nje, mama hushika ncha ya katani kwa visiki vile, hurudisha shingo nyuma, na kochi likakazika kuliko kwa koleo. Wateja waliguna. Juzi juzi mwanamke mmoja alikuja kuulizia bei ya kiti, akamtazama mama muda mrefu kuliko alivyotazama kiti, akaondoka bila kununua. Wesonga alitamani ardhi ipasuke. Alishamwomba mama awe anakaa ndani, na mama akamjibu kwamba ndani kuna giza na hakuna cha kuuma.

Jioni ile ile alikwenda kwa jirani yake, Mzee Phanuel Shivachi, Mmaragoli na mzee wa kanisa, ambaye alikuwa amekubali kuwa msemaji wao.

"Sasa shida iko wapi?" Phanuel akauliza. "Jumamosi si twende?"

"Na meno?"

"Meno ya nani?"

"Ya Mama."

"Kwani anaolewa yeye?"

"Mzee, wewe unacheka. Wale watu watamtazama kinywani."

"Wale ni Wajaluo, Wesonga. Nyanya yao mwenyewe hana yale sita ya chini. Yaling'olewa."

"Hiyo ni tofauti," Wesonga akasema kwa uchungu. "Yao yaling'olewa kwa heshima, ndiyo mila. Ya Mama yameisha kama kisigino cha kiatu. Watasema sisi ni watu wa msituni."

"Lakini si ni kweli?" Phanuel akauliza, na Wesonga akaondoka bila kuaga.

*

Kwenye kituo cha basi cha Kawangware 56, nyuma ya saluni, palikuwa na kibanda cha mabati chenye picha ya kinywa kikubwa mlangoni. Kinywa hicho kilikuwa na meno mengi kuliko ambayo Mungu humpa mtu. Humo ndimo alimokuwa Kavoi, mtengeneza meno, Mkamba mcheshi. Wesonga alimpeleka mama huko, na bei walielewana haraka. Kavoi alikuwa na kochi lililochanika mpaka springi zinamchoma mgeni, na Wesonga akaahidi kulivalisha upya.

"Fungua, mama," Kavoi akasema. Akachungulia, akapiga mluzi. "Aiii! Hiki kinywa kimefanya kazi kuliko trekta."

"Unaweza kuyaficha?" Wesonga akauliza.

"Kuficha ndiyo kazi yangu. Lakini nikuambie, bwana, nyanya yangu alichongwa meno yakawa ncha tupu kama msumeno, na ndiye aliyekuwa mrembo wa Mwingi nzima. Kila watu na kinywa chao."

"Mimi nataka kinywa cha kawaida."

Kavoi akachomoa mkebe chini ya meza. Humo mlikuwa na meno ya juu na ya chini, meupe kama sahani mpya. Yalikuwa yametengenezewa mwalimu mmoja wa kwaya, mwenye taya pana, akahamishiwa Garissa kabla hajayachukua. Kavoi akayapiga tupa huku na huku, akayavika juu ya visiki vya Chemtai, akamshikia kioo.

Chemtai akajitazama. Midomo ilikuwa imesukumwa mbele, mashavu yamejaa, na meno yote yako nje.

"Huyu anacheka nini?" akauliza, na kila neno likatoka na filimbi yake.

"Hacheki, mama. Hilo ni tabasamu."

"Na nikifiwa?"

Kavoi akafunga mkebe wake. Wakiwa njiani kurudi Chemtai akayatoa, akayafunga kwenye ncha ya leso, akasimama katikati ya barabara. "Haya ni ya nini, mwanangu?"

"Ni ili watu wa Filister wakuheshimu, Mama."

"Na wewe unaniheshimu?"

"Sana! Mama, kwani nimekukosea?"

Akamtazama kidogo. "Namtaka yule mjukuu mikononi mwangu," akasema. "Kwa ajili ya mtoto huyo ningevaa hata pembe. Haya, nitayavaa."

*

Jumamosi walikwenda kwa miguu, maana Chemtai hakuona sababu ya kulipa mtu ili akupeleke mahali unapopaona. Alitangulia mbele kwa gauni jipya la maua na kitambaa kipya kichwani. Shanga zake nyeupe tu ndizo alizokataa kuvua. Phanuel alifuata nyuma akihema, tai imemzunguka mpaka sikioni. Wesonga alikuwa katikati na masharti yake.

"Mama, usiongee sana. Filimbi itasikika. Msemaji ni Mzee Phanuel. Wewe tabasamu tu."

"Nina njia nyingine?" Chemtai akasema.

Kwa Mzee Lazarus palikuwa na vyumba viwili vilivyogawanywa na pazia. Nyuma ya pazia walikuwa Filister na mama yake, kwa sababu mama mkwe wa Kijaluo haketi kula pamoja na mkwewe. Mbele walikaa Mzee Lazarus na mama yake mzazi, bibi kizee ambaye nyumba nzima ilimwita Dani, yaani nyanya. Dani alikuwa ametoka Alego kwa ajili ya siku hiyo. Alipocheka, pengo lake la chini lilionekana lote, na alilionyesha kama mtu anayeonyesha cheo.

Sala ilikuwa ndefu kwa kuwa ilimwangukia Phanuel. Kisha chakula kikaja: ugali, mboga, na aliya, nyama iliyokaushwa juani, ambayo Dani mwenyewe aliileta kutoka nyumbani. Aliya si nyama ya mchezo. Hata ikichemshwa inabaki na msimamo wake. Na mgeni asipoila amemtukana aliyeileta.

Chemtai akatia kipande mdomoni, akauma. Meno ya juu yakapanda na nyama, ya chini yakabaki. Akayarudisha kwa ulimi. Akauma tena, safari hii ya chini yakageuka upande. Akaona isiwe tabu, akakisukuma kipande shavuni. Dani akamwongezea kingine kwa mkono wake mwenyewe, nacho kikaenda shavu la pili. Akabaki hivyo, mashavu mawili yamejaa, anatabasamu.

Mzee Lazarus akaanza kueleza historia ya nyumba yake, na akafika kwa kaka yake aliyezama ziwani, akiacha watoto wadogo. Sauti ikamkatika. Phanuel akainamisha kichwa. Wesonga akainamisha kichwa. Chemtai pia aliinamisha, lakini meno hayakuinama.

"Huyu mama," Dani akasema taratibu, "anafurahia nini msiba wetu?"

"Ni tabasamu la matumaini," Phanuel akadakia. "Tumaini la ufufuo, mama."

Dani hakuridhika. Akasogeza kigoda karibu. "Dada, mimi na wewe sote ni wazee. Mimi yamebaki machache ya nyuma tu. Wewe yote haya umeyatoa wapi?"

Wakati huo huo shangazi yake Filister, Apiyo, muuza samaki, aliingia na maji ya kunawa. Akamwinamia Chemtai na jagi, akamtazama usoni, kisha akaliweka jagi chini. Wesonga naye akamtazama, akamkumbuka. Alikuwa yule yule mwanamke wa kuulizia bei ya kiti.

"Lazarus," Apiyo akasema, "huyu si mama yake."

"Nini?"

"Nilikwenda mwenyewe Kianda kuchunguza. Unafikiri ningemwacha mtoto wetu aolewe hivi hivi? Mama yake nilimwona kwa macho haya. Ni mzee, mrefu, meno yameisha mpaka kwenye ufizi, ameshika kamba mdomoni anavuta kochi. Huyu mwenye meno ya harusi wamemtoa wapi?"

"Yawa!" Mzee Lazarus akasimama. "Mama wa kukodi! Nyumbani kwangu! Na mimi nilisema!"

"Baba, ndiye mama yake! Namjua!" Filister akalia nyuma ya pazia.

"Nyamaza! Wewe ungeapa hata kuku ni mama yake, bora urudi Kianda. Wesonga, jibu. Dada yangu alimwona nani?"

Hapo ndipo Wesonga alipopaswa kusema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa fupi. Lakini aliona macho ya watu wote, akaona ile kamba mdomoni, na aibu ikamshinda. Akacheka kicheko cha mbuzi.

"Ah, yule! Yule ni mfanyakazi tu, baba. Ni bibi mmoja wa kunisaidia kazi pale nje."

Chemtai alikuwa bado anatabasamu, angefanyaje, lakini machozi yalianza kumtoka, yakashuka mashavu yaliyojaa nyama, yakapita juu ya yale meno meupe. Akageuka kando kwa adabu, akatoa vipande viwili vya aliya, akatoa meno ya juu, akatoa ya chini, akaviweka vyote kwenye leso. Alipogeuka tena midomo ilikuwa imerudi mahali pake, na uso ulikuwa wa mtu mwingine.

"Ndiye!" Apiyo akapiga kelele. "Uwi! Ndiye mwenyewe wa Kianda!"

"Mnaona?" Wesonga akarukia. "Si mnaona? Ndiye Mama!"

"Mama wapi?" Mzee Lazarus akamkazia macho. "Umesema sasa hivi, kwa mdomo wako, yule wa Kianda ni mfanyakazi. Sasa ndiye huyu. Kwa hiyo umemvisha mfanyakazi wako meno, ukaniletea awe mama!"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Wesonga hata hatua mbili haikufika.

"Mimi kama mjomba wake—" Phanuel akaanza.

"Wewe mjomba? Mmaragoli, mjomba wa Mbukusu?"

"Mjomba wa kiroho."

"Tokeni! Tokeni wote, na kiroho chenu! Filister haendi popote."

Nyuma ya pazia Filister alilia kwa sauti, kilio cha mtu anayejua kwamba kesho atapandishwa basi. Phanuel akaokota kofia yake. Lakini Chemtai hakusimama. Alimtazama mwanawe, na alizungumza naye kana kwamba hamna mtu mwingine mle ndani.

"Mfanyakazi," akasema. "Sawa. Basi nikuhesabie kazi. Haya ya mbele unajua yaliishia wapi? Kwenye ngozi za pimbi. Nilizitafuna mpaka zikalainika kama kitambaa, nikakushonea blanketi, kwa sababu kule juu kuna baridi na wewe ulizaliwa mdogo kama panya. Haya ya kando nilikazia mizinga, baba yako apate asali ya kuuza, wewe uvae suruali. Na haya ya nyuma yalikwenda kwenye nyama kavu kama hii. Maziwa yalinikauka, na wewe hukuwa na jino hata moja. Nilikutafunia mimi, nikakuwekea mdomoni, ukameza, ukalia unataka tena. Hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo watu wakikuuliza meno ya mama yako yako wapi, usiwaambie habari za mfanyakazi. Waambie umeyala wewe."

Wesonga aliona aibu, na safari hii ilikuwa aibu ya kweli, aliyoistahili, ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Alitaka kusema nisamehe, lakini neno lilikuwa dogo na watu walikuwa wengi. Akachukua kipande cha aliya kwenye sahani ya mama, akakitia mdomoni mwake, akaanza kutafuna.

Wote wakamtazama. Aliya ile ilikuwa ngumu. Alitafuna upande huu, akahamia upande ule, mishipa ikamsimama, masikio yakacheza. Ilipolainika akapiga magoti mbele ya mama yake, akaitoa kwa vidole viwili, akamnyooshea. Chemtai akafunga midomo. Akamwacha hapo, mkono hewani, kwa muda uliomtosha. Kisha akafungua, akapokea, akaisukuma kwa ulimi huku na huku, akameza.

"Bado ngumu," akasema. "Tafuna vizuri. Nani alikufundisha kulipua kazi?"

"Ndiyo, Mama," Wesonga akasema, akachukua kipande kingine.

Dani ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamtikisa mabega, machozi yakamtoka, pengo likaonekana lote. "Lazarus," akasema, "keti chini, mwanangu. Unatutia aibu kwa wageni."

"Mama, watu hawa—"

"Keti! Mama wa kukodi utamvisha gauni. Utamvisha na meno. Nani amewahi kuona mama wa kukodi akitafuniwa?"

Mzee Lazarus akamtazama Apiyo. Apiyo alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya kanga, akinung'unika kwamba yeye tangu mwanzo alisema ndiye. Mzee akaketi. Phanuel akaiweka kofia yake chini tena, na akaanza kutafuta kwenye Biblia mstari unaofaa, lakini hakuna aliyemngoja.

Dani akainua sahani yake mwenyewe, akainyoosha mpaka chini ya pua ya Wesonga, aliyekuwa bado magotini.

"Mume wangu," akamwambia, "ukimaliza hapo kwa mama yako, na mimi kuna kipande kimenishinda tangu saa ile."

Nyuma ya pazia mama yake Filister akapiga kigelegele cha kupasua mabati, maana kwao nyanya hamwiti hivyo mtu anayejadiliwa, humwita hivyo aliyekwisha kumwoa mjukuu wake. Kisha Filister akasikika akicheka huku analia, na mama yake akimwambia atulie, asije akazaa leo.

Wesonga hakuweza kujibu kitu. Mdomo ulikuwa umejaa.